Binti wa Mhunzi

Karibu na kijiji cha Engaresero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, kuna nyayo za kale zaidi ya 400 zilizobaki katika majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba. Mwaka 2020 wataalamu walieleza kuwa kundi moja la watu 17 waliotembea pamoja hapo yaelekea lilikuwa la wanawake 14, wanaume wawili na kijana mmoja wa kiume. Labda walikuwa wakitafuta chakula. Mama aliyewahi kwenda kuni na wenzake anaielewa safari hiyo.

Lakini nyayo hazisemi nani alikuwa binti wa nani. Sisi tulio hai ndio tunaouliza.

Miongoni mwa Wamaasai, wenyeji wa Engaresero, wako watu wa koo za wahunzi, waitwao ilkunono. Lugha yao ni ile ile, na Mungu wanayemwomba ni yule yule. Hata hivyo, kwa mila, Mmaasai mwingine hakuoa binti wa mhunzi. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya Wamaasai, aliandika kwamba moran alipopokea mkuki au sime kutoka kwa mhunzi, alipaka kwanza mafuta mkononi. Sababu iliyotolewa ni kwamba silaha humwaga damu, na aliyeitengeneza ndiye aliyeanza kosa. (Aliyeichoma hakupakwa lawama hiyo!) Majirani zao Wasonjo nao waliwatenga wahunzi, ambao wake zao ndio waliofinyanga vyungu. Chungu kilipikiwa watoto wa kila nyumba, aliyekifinyanga hakuchumbiwa.

Siku hizi panga na sufuria hununuliwa dukani, wala hatuulizi ni nani aliyezifua. Basi, mama mpendwa, tuseme kweli: mwanao akija jioni na kutaja jina la msichana, swali lako la kwanza ni lipi? Wengi wetu huuliza, "Wa ukoo gani?" kabla ya kuuliza kama wanapendana. Na hili si la Wamaasai peke yao. Baba aweza kunyamaza. Mara nyingi ni sisi tunaokwenda kwa shangazi zake kuomba wamzuie, na ni sisi tunaomnong'oneza mtoto mdogo asile katika nyumba fulani. Hatumpi sababu, naye hukua akidhani ipo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wawili wanaooana. Haina kifungu kinachomzuia mtu kwa sababu babu yake alifua chuma.

Katika Hesabu sura ya 12, Miriamu alimsema Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi. Akapigwa ukoma, akawekwa nje ya kambi siku 7, na watu wote hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Yule mke Mkushi hakuambiwa aondoke.