Kutengeneza nyumba: ni wakati gani wa kumuita fundi?

Siku ya posho asubuhi, ndani ya makartie ya Bukavu, nyundo zinaanza kulia mapema. Huku baba anapigilia manjanja, kule kijana anachimba nyuma ya nyumba ili aongeze chumba cha kupangisha, na kwa jirani mama anachanganya simenti na mchanga juu ya kuziba ufa wa ukuta. Goma, Uvira, Butembo na Bunia ni vilevile. Pesa ni ngumu kupatikana, na malipo ya fundi ya siku moja ni chakula cha watoto. Basi watu wengi wanasema: « Hii nitafanya mimi mwenyewe. » Mara nyingi hawajakosea.

Lakini kuko kazi na kazi. Ukipaka rangi vibaya, kesho utaiona, utacheka na utapaka tena. Ukiunga nyaya vibaya, hautaona kitu. Ampuli itawaka vizuri, watu watakupongeza, na kosa litabaki limejificha nyuma ya mbao kwa miezi mingi, mpaka usiku mmoja watoto wakiwa wamelala. Kwa hiyo swali la kujiuliza si « naweza? », sababu karibu kila mtu anaweza kuunga nyaya mbili. Swali ni hili: nikikosea, nitaona leo? Nitaweza kurudisha nyuma? Na nani ataumia?

Kazi ambazo jibu lake ni rahisi, fanya bila woga. Kupaka rangi ao chokaa, kubadilisha kitasa cha mlango, kuweka kioo cha dirisha, kuziba tundu la msumari kwenye manjanja, kusafisha mfereji wa maji ya mvula. Robine inayodondosha maji usiku kucha, mara nyingi ni kampira kadogo tu ndani kamechoka: funga maji, fungua robine, peleka kale kampira dukani wakupatie kengine. Kumuita fundi juu ya kampira ni kutupa franka.

Umeme ni mambo mengine kabisa.

Bukavu, hasa pande za Kadutu na Ibanda, inajua moto. Nyumba za mbao zimebanana, zinapandana mlimani, na njia kati yake ni vijia ambamo gari la kuzima moto haliwezi kuingia. Nyumba moja ikishika, zile za jirani hazingoji. Na kila mara moto unapozuka, nyaya za umeme ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo wakaaji wanavitaja.

Namna nyaya zinavyoleta moto si uchawi. Waya ni kama tiyo ya maji: wenye wembamba unapitisha kidogo, na ukiulazimisha upitishe zaidi, unapata moto. Kwa kawaida, waya wa milimeta 1,5 za mraba ni wa taa, wa 2,5 ni wa prizi, na jiko kubwa la umeme linadai waya wa 6. Resho moja ya wati 2000, kwa umeme wa volti 220, inakula karibu ampere 9. Weka resho mbili kwenye ralonji moja, ni 18. Ikiwa ralonji hiyo inatoka kwenye waya wa taa, mpira wa waya unaanza kulainika polepole, tena nyuma ya ukuta wa mbao iliyokauka.

Hapo ndipo disjonteri inaruka. Na hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote linafanyika: mtu anachoka na disjonteri inayoruka kila jioni, anaenda kenkayeri, ananunua yenye nguvu mara mbili, anaiweka. Hairuki tena. Anafurahi. Kumbe ile disjonteri haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa inalinda waya, na sasa mlinzi amefukuzwa.

Kuko dalili ambazo zikionekana, hakuna mjadala, fundi wa umeme aitwe siku hiyohiyo: prizi inayopata moto ukiigusa, harufu ya plastiki inayoungua, taa zinazopungua kila unapowasha pasi, disjonteri inayoruka mara kwa mara, na manjanja ao tiyo ya maji inayopiga mkono. Hiyo ya mwisho ni hatari zaidi, sababu inaonyesha kwamba umeme umetoka kwenye njia yake. Usipande juu ya nyumba kuangalia. Tena usiseme « nimekata disjonteri, niko salama »: katika parseli nyingi kuko waya unaovutwa kutoka kwa jirani, na huo haupiti kwenye disjonteri yako.

Jambo la pili ambalo linadai fundi, na hapa Bukavu pengine linadai mtu mwenye elimu zaidi ya fundi, ni udongo. Anayechimba mlima nyuma ya nyumba ili apate nafasi ya chumba kimoja anaona anaondoa uchafu tu. Kumbe anaondoa mguu wa mlima. Kipande cha udongo chenye urefu wa meta 10, kimo cha meta 2 na upana wa meta 1 tu, kikinywa mvula, kinakaribia tani 40. Uzito huo wote unasukuma ule ukuta aliojenga na shemeji yake kwa siku mbili.

Na maji ndiyo yanayoangusha ukuta mara nyingi kuliko udongo wenyewe. Ukuta wa kushikilia udongo unapaswa kuwa na matundu ya kutolea maji, na changarawe nyuma yake ili maji yateremke bila kusukuma. Wengi wanaziba matundu hayo sababu yanachafua kiwanja, kisha wanashangaa ukuta kufanya tumbo. Chini yake pia unapaswa kuwa mnene: ukuta wa mawe wa meta 3 unadai msingi wa meta moja na nusu ao zaidi, kulingana na udongo. Ukuta usiopita magoti, wa kushikilia bustani ya lengalenga, jenga mwenyewe. Ukifika kwenye kiuno, ao nyumba ya mtu ikiwa chini yake, ita enjenyeri.

Kwa sababu mlimani, nyumba yako ni paa la jirani. Sheria ya Congo juu ya mapatano na madeni, ya tarehe 30 Julai 1888, inasema mwenye jengo ndiye anayelipa hasara ikiwa jengo limeanguka juu ya kukosa kutunzwa ao juu ya kujengwa vibaya. Lakini hata bila sheria, nani anataka kwenda kuzungumza na jirani asubuhi ya namna hiyo?

Wengi watasema: enjenyeri ni wa matajiri. Si lazima. Unaweza kumlipa kwa mambo mawili tu, aje aangalie udongo na aandike vipimo, kisha arudi siku moja kuona msingi kabla haujafunikwa. Kazi zingine zote zinaweza kubaki nyumbani: vijana wabebe mawe, wachimbe, wamwagilie betoni maji kwa siku saba ili isipasuke. Familia inatoa nguvu, mwenye elimu anatoa vipimo. Hiyo inapunguza bei sana, na watu wengi hawajui kwamba inaweza kuombwa.

Kuhusu kuta za nyumba, tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipasua nyumba nyingi mjini Bukavu, na nyufa zingine zilifunikwa na rangi tu. Ufa mwembamba wa lipu, usiokua, si kitu. Ufa unaopita katikati ya matofali, unaoingiza ncha ya kidole, ao unaoongezeka toka mwezi hadi mwezi, usizibwe kabla mtu hajatafuta chanzo chake. Na kabla ya kutoboa ukuta ili kuweka mlango mpya, lazima ijulikane ule ukuta unabeba nini juu yake. Usianze na nyundo.

Shimo la choo nalo, pande za Goma na Sake, lina hatari yake: mazuku, ile hewa inayotoka chini ya ardhi ya volkano. Haina rangi, haina harufu, ni nzito, inalala ndani ya mashimo. Shimo la choo lililotumika lina hewa zake mbaya vilevile. Simu ikianguka mle, imeanguka. Asishuke mtu, na aliyeshuka akilegea, wa pili asimfuate.

Sasa, fundi mwenyewe anajulikana namna gani? Kwetu kila mwenye koleo anaitwa fundi. Aliyesoma INPP, ao IBTP ya Butembo, ana msingi mzuri, lakini karatasi peke yake haijengi. Omba akupeleke kwenye ukuta aliojenga ambao umekwisha kupitiwa na majira matatu ya mvula, na uzungumze na mwenye nyumba akiwa hayuko. Fundi wa umeme muulize prizi za jikoni atazipa waya gani. Akisema « wowote unafaa, papa », mshukuru na umuage.

Nendeni pamoja kenkayeri, mwenye nyumba akishika pesa. Devi iandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: vifaa, siku, bei, majina mawili na shahidi mmoja. Avansi isiwe pesa yote. Fundi mzuri hakasiriki kwa hayo, anayekasirika amejieleza.

Mpangaji anayeona waya umeungua ao ukuta umeinama asiutengeneze kimyakimya akiogopa kufukuzwa. Amjulishe mwenye nyumba mbele ya shahidi, na asipojibiwa, aende kwa chefu wa avenyu ao wa kartie. Mwenye nyumba anayechukua garanti ya miezi mingi hawezi kukosa ya waya.

Kuanzia Juni hadi Agosti mvula inapumzika, udongo unakauka, mafundi wanapatikana. Huo ndio wakati wa kazi za ukuta na paa. Na kuko desturi moja ambayo wajenzi waangalifu wanaifuata: sehemu ndogo ya malipo wanapatana mapema, kwa maandishi, ilipwe Septemba, kisha mvula kubwa ya kwanza, fundi akiwa amekuja kuangalia pamoja na mwenye nyumba kama maji yanatoka kwenye yale matundu.