Harufu ya Samaki Nyuma ya Soketi

Machakos iko mbali na bahari, na Ziwa Victoria nalo si jirani. Kwa hiyo jioni moja nyumba yangu ya kupanga ilipoanza kunuka samaki, nilimshuku mama wa mlango wa pili. Nikagonga kuuliza kwa utani kama tumekaribishwa. Sufuriani alikuwa na muthokoi. Nikarudi kwangu nikinusanusa kama paka, mpaka pua ikanifikisha ukutani, kwenye soketi ninayochomeka pasi.

Soketi na swichi nyingi hutengenezwa kwa plastiki ngumu ambayo ikipata joto kupita kiasi hutoa gesi zenye harufu ya samaki. Wengine husema ni ya mkojo. Nilizima swichi kuu, na asubuhi nikaita fundi wa stima.

Mzee yule alikuja na testa mfukoni, lakini hakuitoa. Alisimama katikati ya chumba, mikono mgongoni, kama mtu anayemkagua ng'ombe kabla ya kutaja bei. Kisha akanionyesha doa la kahawia kando ya tundu moja la soketi. Nilikuwa nikilisugua kwa sabuni mwezi mzima nikidhani ni uchafu.

Doa lile lina hesabu yake. Pasi ya wati 1,200 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta ampea 5. Ndani ya soketi, skrubu inayobana waya ikilegea, chuma na waya hugusana kwa sehemu ndogo tu, na hapo ukinzani hupanda. Tuseme umefika omu 1. Joto linalotokea ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: karibu wati 25. Mafundi wa redio huyeyusha risasi kwa chuma cha wati hizo hizo, nami nilikuwa nacho ndani ya ukuta. Sasa weka shawa ya umeme ya wati 5,500, inayovuta ampea 23 hivi, kwenye kiungo kilicholegea vilevile. Utapata joto la zaidi ya wati 400 mahali padogo kuliko kidole gumba.

Na breka je? Breka hukata stima mkondo unapozidi kipimo chake. Skrubu iliyolegea haizidishi mkondo, huupunguza kidogo. Kwa macho ya breka, nyumba ni salama salimini huku soketi inaiva. Ndiyo maana fundi makini huanza kwa kutazama, na ndiyo maana hata mpangaji asiyejua omu wala ampea anaweza kuliona tatizo kabla ya moto. Tazama tu, usifungue kitu.

Tukazunguka nyumba. Nyuma ya kochi kulikuwa na ekstensheni iliyopita chini ya zulia, ambako joto lake halina pa kutokea na kila kiatu kinaikanyaga. Bafuni, waya wa shawa ulikuwa mwembamba kama wa balbu. Kwa kawaida taa hupewa waya wa milimita 1.5 za mraba, soketi 2.5, na shawa kubwa kama hii huhitaji 6. Nje, waya wa taa ya mlango ulipenya kwenye tundu la bati bila mpira wala paipu. Upepo ukitikisa bati kila usiku, ukingo wake hula ganda la waya taratibu, na siku shaba ikigusa bati, paa zima lina stima. Aliyewahi kutekenywa na ukuta wa mabati baada ya mvua anajua ninachosema.

Halafu kuna dhambi yetu ya kitaifa. Soketi zetu za pini tatu za mraba ni za mtindo wa Uingereza, uliowekwa mwaka 1947. Pini ya juu, ya ardhi, ni ndefu kuliko zile mbili. Hutangulia kuingia na kufungua vifuniko vinavyoziba matundu yenye stima, ili mtoto asitie msumari humo. Tunachofanya tukiwa na chaja ya pini mbili ni kusukuma kalamu kwenye tundu la juu. Vifuniko vinafunguka, chaja inaingia kwa nguvu, pini haishikwi sawasawa, na tunarudi palepale kwenye kiungo kilicholegea. Niliiona kalamu yangu mwenyewe juu ya meza. Mzee naye aliiona.

Mwisho akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Waya wake wa kijani na manjano ulikuwa umekatika. Nadhani ni jembe. Hata ungekuwa mzima, udongo wa Machakos una tabia yake. Ukikauka kati ya Julai na Oktoba, hupitisha mkondo kwa shida kubwa. Ukinzani wa fimbo ukiwa omu 100, stima ikivuja kwenye friji au shawa itapeleka ardhini ampea 2.4 tu. Breka ya ampea 20 haitashtuka, na chombo kitabaki na stima kikimngoja mwenye mkono wenye maji. Mwili uliolowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi: gawa volti 240 kwa hizo, upate miliampea 240. Moyo unaweza kuvurugika kwa chini ya nusu ya kiasi hicho.

Hapo ndipo inapohitajika swichi ya uvujaji, ile inayolinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, ikakata stima tofauti ikifika miliampea 30. Kwenye kisanduku cha breka utaitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Kwetu haikuwepo. Mwenye nyumba alinung'unika, akalipa.

Fungua mlango wa kisanduku chako leo, ukitafute kitufe hicho, ukibonyeze. Stima ikikatika, irudishe uendelee na shughuli zako. Isipokatika, au kama kitufe hakipo, mpigie mwenye nyumba, naye atafute fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kabla ya mtu mwingine kuoga.