Fahamu: Ujuzi wa fundi unavyokuwa mali ya taasisi nzima

Profesa Ikujiro Nonaka wa Japani, aliyefariki Januari 2025, alitumia sehemu kubwa ya umri wake kubainisha kwamba maarifa ya taasisi ni ya namna mbili: ya dhahiri, yawezayo kuandikwa daftarini na kupokezanwa, na ya batini, yakaayo mikononi na machoni mwa mwenye kazi, ambayo aghalabu mwenyewe hawezi kuyatamka.

Kisa mashuhuri katika kitabu alichokitoa mwaka 1995 pamoja na Hirotaka Takeuchi ni cha kampuni ya Matsushita ya Osaka, ambayo katika miaka ya 1980 ilitaka kuunda mashine ya kuoka mkate nyumbani, na mkate ukakataa, ganda likiungua ilhali kiini kingali kibichi. Wahandisi walilipiga donge la unga hata picha za eksirei, wasifahamu. Ndipo mwanamke mmoja miongoni mwao alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli mojawapo mjini humo, akakanda naye, hata akatambua kuwa bingwa yule hakulivuta donge tu, bali alilisokota huku akilivuta. Alipowaeleza wenzake, wakatia mbavu maalumu ndani ya chombo, na mashine ikafaulu.

Basi enyi wakuu wa ofisi na viwanda, mnaomuaga mstaafu kwa zawadi na hotuba, mwekeni kijana ubavuni mwake mapema, wafanye kazi pamoja, kwani faili atakazoziacha hazitoshi.