LESENI YA DEREVA WA TREKTA LA CHAMA

Katika vyama vingi vya msingi trekta hukabidhiwa kwa kijana yeyote ajuaye kuliwasha na kulirudisha nyuma. Ndani ya shamba hayo hayaleti neno. Lakini pamba mbegu ikishapakiwa kwenye tela, na trekta likishika barabara ya lami ya Lamadi hadi Bariadi kuelekea kiwandani, hilo ni gari kama magari mengine, na dereva wake yampasa awe na leseni.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yagawa leseni kwa madaraja. Pikipiki ni daraja A na matawi yake. Gari dogo la binafsi ni B. Mitambo ya kilimo na ya machimbo ina daraja lake, yaani G. Kwa hiyo leseni ya pikipiki, ambayo vijana wengi wa Bariadi, Itilima na Maswa wanayo, haimruhusu mtu kuvuta tela la pamba. Makatibu wasiridhike kuona kadi tu. Wasome herufi iliyoandikwa juu yake, na tarehe ya mwisho. Tangu mwaka 2019 leseni hudumu miaka mitano badala ya mitatu.

Mwombaji huanza kwa leseni ya kujifunzia, hufunzwa, kisha hutahiniwa na Polisi wa Usalama Barabarani. Akifaulu, hulipia na kupewa kadi yake Mamlaka ya Mapato. Atakayefuata njia ya mkato atakuwa na kadi bila ujuzi, na tela lenye mzigo mteremkoni halidanganywi kwa kadi.

Jambo ambalo halmashauri husahau ni kwamba sheria humbana pia mwenye chombo anayemruhusu asiye na leseni kuendesha. Mwenye chombo hapa ni chama. Tena, ajali ikitokea, kampuni ya bima yaweza kukataa kutengeneza trekta, au ikamlipa aliyeumizwa kisha ikageuka kukidai chama. Fedha hizo zitatoka wapi, kama si katika hisa na ushuru wa wanachama wenyewe? Na wale wapandao juu ya marobota wakirudi mnadani, bima nyingi haziwatambui kabisa.

Kabla ya msimu kufunguliwa, nakala ya leseni ya kila dereva iwekwe katika jalada la trekta pamoja na hati ya bima, na jina lake liandikwe katika muhtasari wa kikao kilichomteua.