Ukanda wa Mgongoni: Habari za Mbwa Aitwaye Rhodesian Ridgeback

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamewaona mbwa wa namna nyingi: koko wa vijijini, mbwa wa polisi wenye masikio yaliyosimama, na wale wadogo wa manyoya marefu wanaobebwa na wenyewe kama watoto. Katika makala haya nataka kueleza habari za namna moja tu, yaani mbwa wa kusini mwa Afrika aitwaye Rhodesian Ridgeback. Habari zake zaonyesha wazi jinsi binadamu awezavyo kumdhuru mnyama kwa kuupenda uzuri wake.

Mbwa huyu ni mkubwa, mwenye nywele fupi za rangi ya ngano iliyoiva. Alama yake ni ukanda wa nywele katikati ya mgongo. Nywele za mwili mzima zaelekea mkiani, bali zile za ukanda zimeota kinyume, zaelekea kichwani. Ukanda waanzia nyuma ya mabega na kuendelea ukipungua upana hata karibu na nyonga, na mwanzoni pake pana vizingo viwili vya nywele, kimoja kila upande.

Ukanda huo haukubuniwa na Wazungu. Mbwa wa Wakhoikhoi, wafugaji wa tangu zamani huko Rasi ya Afrika Kusini, walikuwa nao, na walowezi wakawachanganya na mbwa wao. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alileta mbwa wawili wa mchanganyiko huo Hope Fountain, karibu na Bulawayo, na mwindaji Cornelius van Rooyen akawazalisha na mbwa wake wa kuwindia simba. Hawakuwa wakimwua simba. Kazi yao ilikuwa kumzunguka na kumbwekea, wakiruka huku na huku asiwakamate, mpaka mwindaji afike na bunduki. Siku zile mbwa alifaa kwa mbio na akili zake, kwani asiyekuwa navyo hakurudi nyumbani.

Mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo chini ya uongozi wa Francis Barnes, wakaandika kanuni za mbwa huyu: umbo, kimo, rangi, na zaidi ya yote ukanda. (Nchi ile wakati huo iliitwa Southern Rhodesia, na tangu 1980 ni Zimbabwe, ila jina la mbwa halikubadilika.) Toka hapo mchaguzi wa mbwa akawa jaji wa maonyesho, si simba tena.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, ambao madaktari wa mifugo huuita demoidi sainasi. Si upele, wala si ukurutu. Hauambukizi, na hakuna dawa ya kuoshea itakayouondoa, kwa maana mtoto wa mbwa huzaliwa nao. Mimba ingali changa, tabaka litakalokuwa ngozi ya mgongo na lile litakalokuwa mshipa mkuu wa fahamu ndani ya uti wa mgongo huwa ni kitu kimoja, kisha huachana. Pengine hayaachani sawasawa. Hapo ngozi hubaki imeingia ndani kama mrija mwembamba. Mrija mwingine huishia karibu, katika nyama, na mwingine hushuka mpaka kwenye utando unaoufunika mshipa ule. Ndani ya mrija nywele huota na mafuta ya ngozi hujikusanya bila njia nzuri ya kutokea. Vijidudu vikiingia, jipu hutunga. Na ikiwa mrija umefika kwenye utando, maradhi yaweza kufika huko pia, mbwa akapata maumivu makali ya shingo, akapooza, hata akafa.

Mrija huo huonekana hasa shingoni, mbele ya ukanda, au nyuma yake karibu na mkia. Watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba ugonjwa huu huwapata sana mbwa wa ukanda, lakini sababu haikujulikana vema hata mwaka 2007, wanasayansi wa Sweden na wenzao walipotangaza waliyoyaona. Katika mbwa mwenye ukanda, kipande kimoja cha maandishi ya urithi, chenye herufi 133,000 hivi, kimeandikwa mara mbili. Ndani yake mna jeni za FGF3, FGF4 na FGF19, ambazo ni miongoni mwa zile zinazoongoza ukuaji wa mimba. Kipande hicho ndicho kinacholeta ukanda, na hicho hicho ndicho kinachomweka mbwa katika hatari ya mrija.

Wanafunzi waliokwisha kusoma habari za Mendel na mbaazi zake watafuata hesabu hii bila taabu. Tukiite kipande kilichozidi K, na urithi wa kawaida k, basi mbwa wa KK ana ukanda, na wa Kk anao vile vile, kwa kuwa K humshinda k. Wa kk hana. Kwa macho huwezi kumtenga KK na Kk, lakini hatari ya ugonjwa ni kubwa zaidi kwa KK. Naye kk, yule asiye na ukanda, ni nadra mno kuupata.

Wazazi wote wawili wakiwa Kk, katika watoto wanne mmoja kwa wastani atakuwa kk. Kanuni za maonyesho zamhesabu huyo kuwa na kasoro. Kwa miaka mingi wafugaji wengi walimwua angali mchanga, hali mwili wake ni mzima kabisa. Kila alipouawa kk, urithi wa k ulipungua na KK wakaongezeka. Mfugaji aliyejisifu kwamba dume lake halijapata kuzaa mtoto asiye na ukanda, kumbe alikuwa akijisifu kwa KK, yaani kwa ile hali yenye hatari kubwa kuliko zote! Naona hesabu hii ingefaa kubandikwa ukutani mahali popote mbwa wanapoonyeshwa.

Mwaka 2008 televisheni ya BBC ya Uingereza ilionyesha filamu juu ya maradhi ya mbwa wa nasaba, na habari za kuuawa kwa watoto wasio na ukanda zilikuwamo. Makelele yalikuwa makubwa, hata mwaka 2009 BBC haikuyatangaza maonyesho mashuhuri ya Crufts.

Mzazi anayetaka kununua mbwa wa aina hii hana budi kumwuliza mwuzaji maswali. Watoto wote wa uzao huu walikaguliwa? Ukaguzi hufanywa kwa vidole: ngozi huinuliwa na kusuguliwa taratibu tangu kisogoni mpaka mkiani, na mrija ukiwapo huhisika kama uzi mgumu ulioshika chini. Wazazi wao, au ndugu zao, walipata kupasuliwa? Mbwa aliyepasuliwa vizuri aweza kuishi maisha mema, lakini hafai kuzalishwa. Wangapi walizaliwa bila ukanda, nao wako wapi? Mwuzaji anayekasirikia swali hili la mwisho amekwisha kulijibu.

Kwa wenye kuzalisha, siku hizi kuna kipimo cha urithi kinachoonyesha kama mbwa ni KK au Kk. Mbwa wa Kk akizalishwa na kk, nusu ya watoto kwa wastani watapata ukanda, nusu hawatapata, na KK hatazaliwa hata mmoja. Mbwa wa kk wapo na wana afya, bali kanuni za vyama vingi bado zamhesabu mbwa asiye na ukanda kuwa hafai maonyesho, na wafugaji wengi hawapendi kumzalisha.