Chakula cha Usiku Bila Ngano: Chungu Kimoja kwa Nyumba Nzima

Na Mwandishi Wetu

Saa moja ya usiku, baba amekwisha rudi kutoka kazini na watoto wamekwisha oga, harufu ya chapati hutanda katika nyumba nyingi za mijini. Kwa wengi wetu harufu hiyo ni furaha. Lakini zipo nyumba ambamo mtoto mmoja huketi kando na kisahani chake cha kiporo, akiwatazama nduguze wakimega chapati na kuchovya katika mchuzi wa maharage. Mtoto huyo hakukosa adabu wala hakunyimwa kwa choyo. Daktari amesema asile ngano, na mama, baada ya kazi za kutwa, hana nguvu za kuinjika vyungu viwili.

Makala haya yanakusudia kuwaonyesha wazazi wa nyumba kama hiyo kwamba hapana haja ya vyungu viwili. Kimoja chatosha, tena ndicho kilicho salama zaidi.

UGONJWA WENYEWE

Ndani ya ngano na shayiri mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati unate na kuvutika. Watu wengi huila bila ya dhara lolote. Lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, gluteni huuchochea mwili kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Vijinyweleo vya utumbo mwembamba, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula, huharibika. Basi mgonjwa hula, lakini chakula hakimfai. Mtoto huharisha, tumbo hujaa, damu hupungua na kimo hudumaa. Mtu mzima aweza kuwa na uchovu tu usiokwisha, au upungufu wa damu usiosikia dawa.

Aliyeifichua siri hii ni Dakta Willem Dicke, mganga wa watoto wa Uholanzi. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akiishuku ngano. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, mkate uliadimika nchini humo. Naye akaona kwamba watoto wenye ugonjwa huo walipata nafuu, na mkate uliporejea, maradhi nayo yakarejea. Mwaka 1950 aliyaeleza hayo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utrecht.

Wako wanaodhani kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. Hukadiriwa kwamba duniani mtu mmoja katika kila 100 anao, na miongoni mwa watu wa Sahara Magharibi, katika bara letu hili la Afrika, umeonekana kwa wingi kuliko karibu mahali pengine pote. Hauna dawa ya kuuondoa. Tiba yake ni chakula, maisha yote.

Hata hivyo, tunatoa onyo. Asiwepo mzazi atakayemwachisha mtoto ngano kwa kusoma gazeti tu. Ugonjwa hupimwa kwa damu, na mara nyingi kwa kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Mtu akiacha ngano kabla ya kupimwa, vipimo vyaweza kutoonyesha kitu. Nenda hospitali kwanza.

NGANO ILIYOJIFICHA

Kuepuka mkate, maandazi, sambusa, tambi na biskuti si kazi ngumu, kwani vinaonekana. Kazi ni ile ngano isiyoonekana. Kababu na katlesi mara nyingi hutiwa mkate. Samaki wa kukaanga wa dukani huenda alipakwa unga kwanza. Viazi vilivyokaangwa katika mafuta ya maandazi vimekwisha guswa na ngano. Soseji, vidonge vya supu na sosi ya soya vyaweza kuwa na ngano; soma maandishi ya pakiti. Shayiri, inayopikwa supu katika mfungo wa Ramadhani, nayo haifai.

Jikoni mwako mwenyewe, tazama kibao cha chapati, chekeche, mwiko wa mti wenye nyufa, na mashine ya mtaani isagayo ngano asubuhi na mtama mchana. Mgonjwa apate chekeche na mwiko wake, na unga wake usagwe kwenye mashine isiyosaga ngano.

Tena iko desturi yetu njema ya kula pamoja katika sinia moja. Mkono uliomega chapati ukiingia katika bakuli la mchuzi, mchuzi wote umeharibika kwa mtoto yule. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba chungu kimoja kisicho na ngano ni bora kuliko viwili.

MILO MINNE YA JIONI

Hayo yasikutie hofu. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, ndizi na jamii zote za kunde havina gluteni. Huna haja ya kununua pakiti za bei kubwa kutoka ng'ambo. Milo ifuatayo yawatosha watu sita.

Wa kwanza ni mtori, chakula cha Kilimanjaro. Chemsha nusu kilo ya nyama yenye mifupa hadi ilainike. Tia ndizi mbichi 12 za mshare zilizomenywa, kitunguu na chumvi. Zikiiva, toa mifupa, ziponde kwa mwiko hadi ziwe laini, kisha utie maziwa kikombe kimoja.

Wa pili ni makande ya nazi. Mahindi yaliyokobolewa vikombe vitatu na maharage vikombe viwili viloweke tangu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni chemsha hadi viive, ukaange kitunguu na nyanya, kisha umalizie kwa tui zito.

Wa tatu ni ugali wa mtama kwa dagaa na mchicha. Mgonjwa huyu mara nyingi amepungukiwa na madini ya chuma, na mlo huu unayo. Kamulia limau juu ya mboga, maana husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Na chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huyazuia.

Wa nne ni futari ya muhogo na kunde kwa nazi. Tumia muhogo mtamu. Ule mchungu hauna budi kulowekwa na kukaushwa barabara. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, uliotokana na muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha.

BADALA YA CHAPATI

Yabaki maombi ya watoto: "Mama, tunataka mkate." Watu wa pwani wanao tangu zamani mkate wa kumimina, ambao ni wa mchele. Loweka mchele vikombe viwili usiku kucha, uchuje, uusage pamoja na tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai, hiliki na sukari vijiko vitatu vya chakula. Uache uumuke kiasi cha saa moja. Tia ute wa yai moja, koroga, umimine katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto. Funika, moto mdogo chini na makaa juu ya kifuniko, hadi uwe rangi ya dhahabu. Kwa sukari hiyo chache, waliwa vizuri kwa mchuzi wa kuku au wa kunde.

Anayetaka chapati yake na aile kazini au mkahawani, anawe mikono, ndipo arudi nyumbani. Hilo si jambo kubwa kumwomba baba, kaka au dada. Mtoto wetu hatapona kwa kuhurumiwa akiwa amekaa kando. Atapona kwa kuletwa kwenye sinia pamoja na wenzake, akijua kwamba kila kilichomo chamfaa, na hapana wa kumwambia, "Hiki si chako."