Thamani ya Hati Kabla ya Nyundo ya Dalali

Katika mambo ambayo waandishi wa nje wameyaelewa vibaya kuhusu jamii za Afrika Mashariki, hakuna lililodumu kama dhana kwamba thamani ya kitu huanza siku kinapopata soko, na kwamba watu waliokuwa nacho kabla ya siku hiyo walikitunza kwa mazoea tu, bila kipimo. Wanyaturu wa Ilongero na vijiji vya jirani, mkoani Singida, walibebeshwa dhana hiyo kwa miaka mingi kwa sababu ya ng'ombe wao. Tangu Melville Herskovits alipoandika mwaka 1926 juu ya wafugaji wa Afrika Mashariki, wasomi wengi walishikilia kuwa mfugaji wa huku hulimbikiza mifugo kwa ajili ya heshima na ibada, hata Harold Schneider alipotoa mwaka 1970 kitabu chake kuhusu uchumi wa Wanyaturu, akaonyesha kuwa watu hao hupima kwa makini uwiano wa nafaka, mbuzi na ng'ombe, na kwamba samadi ya zizi, inayoneemesha uwele na mtama, imo ndani ya hesabu hiyo. Kipimo kilikuwapo siku zote, ila mgeni hakuwa amefundishwa kukisoma.

Kosa lilo hilo limeziandama hati za mkono za Waswahili wa pwani, yaani misahafu, tenzi na vitabu vya dini vilivyonakiliwa kwa herufi za Kiarabu na watu waliosomea sanaa ya hati, ambayo ni ufundi wa kuandika kwa uzuri na kwa kanuni. Kwa kuwa hati hizo hazikuwa na mnada wake, zimehesabiwa kuwa mabaki ya ufundi wa watu wengine, zikingoja mnunuzi wa mbali azipe bei. Anayeamini hivyo na aitazame China, ambako mwaka 2010, mjini Beijing, hati ya Huang Tingjian, bingwa wa karne ya 11, iliuzwa kwa yuani milioni 436.8. Hati za mabingwa wa karne ya 20, kama Yu Youren, nazo zina soko kubwa, na ni kawaida huko bei ya kazi ya mwandishi wa kisasa kutajwa kwa futi ya mraba ya karatasi. Bei hizo hazikuzuka mnadani. Katika hati ya Kichina, kila aliyeimiliki hugonga muhuri wake mwekundu pembeni, na pengine huongeza maneno yake mwenyewe, hata karatasi ikawa daftari la waliopata kuisoma. Na mnunuzi wa leo huchunguza nguvu ya brashi, wingi wa wino na ukweli wa mihuri kwa vipimo ambavyo Wachina wenyewe waliviweka karne nyingi kabla ya dalali kunyanyua nyundo. Huko mnada umekuja kuhudumia elimu iliyokwishakuwapo, na kwa sababu hiyo haustahili kulaumiwa kwa ukubwa wa fedha zake peke yake.

Waswahili nao walikuwa na elimu yao. Katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanazuoni, kwa kazi za ngozi na kwa misahafu iliyonakiliwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, mara nyingi juu ya karatasi za Ulaya zilizoletwa na biashara ya bahari. Mnakili alichonga kalamu yake ya mwanzi, akatayarisha wino, akapanga mistari kwa hesabu, na kila sura mpya akaitangulizia pambo lililowasaidia wasomaji kupata mahali pao. Kazi ilipokamilika, aliweza kutia mwishoni maneno ya kufungia, yaani aya fupi inayotaja jina lake, nasaba yake, siku aliyomaliza na mtu aliyeandikiwa, pamoja na ombi la kusamehewa makosa ya mkono. Aya hiyo ndogo, ambayo mtu asiyejua huipita kama pambo, ndiyo inayolingana na mihuri ya Wachina, kwa maana inaifunga hati kwa ukoo, mji na mwalimu.

Juu ya hayo ulikuwapo wakfu, nao unataka maelezo zaidi kuliko wanunuzi wanavyoupa. Wakfu ni mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu na manufaa ya watu, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waswahili walio wengi, kitu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi. Msahafu ulioandikwa neno hilo ulikuwa umeondolewa katika biashara kwa makusudi, na heshima yake ilipimwa kwa vizazi vya wanafunzi waliousoma. Kuuita msahafu wa namna hiyo kitu kisicho na bei iliyojulikana ni kutoelewa kabisa, kwa kuwa jamii iliufikiria ununuzi wake ikaukataa.

Tenzi zilikuwa na njia nyingine ya kudai msomaji wake. Katika hati ya zamani, herufi moja ya Kiarabu iliweza kusimama mahali pa b, p na mb, na alama tatu za irabu zikabeba irabu tano za Kiswahili, kwa hiyo aliyeisoma hati sawasawa alikuwa mtu aliyekwisha kuusikia utenzi ukiimbwa na kuuhifadhi walau kwa sehemu. Wanawake walishika sehemu kubwa ya kazi hii, na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, ulienea kwa kunakiliwa na kupitishwa majumbani.

Mtu aliyesimama kati ya elimu hii ya pwani na wanunuzi wa mbali ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mshairi, mchongaji, mwanamuziki na mwandishi wa hati ambaye mkono wake hautiliwi shaka na yeyote aliyeuona. Aliwanakilia tenzi wageni waliomwomba, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na kazi zake sasa zimo katika maktaba za London, Hamburg na Berlin. Wapo wanaomdharau kwa kuandika kwa malipo, na dharau hiyo si ya haki, maana mnakili wa pwani hakuwa mtu wa kufanya kazi bure, na bila kalamu yake tenzi kadhaa zisingejulikana leo. Linaloumiza ni kwamba elimu iliyozipa hati hizo thamani haikupandishwa meli pamoja nazo. Kadiri shule zilivyoeneza herufi za Kilatini, waliojua kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walipungua, na Lamu, ambako wanunuzi wa Ulaya walikuja kutafuta hati, leo ina vijana wanaozitazama picha zake kwenye intaneti bila kuweza kuzifuatisha mstari.

Biashara ya minada imezoea kuzichana hati. Msahafu wowote uliopoteza jalada unaweza kugawanywa ukauzwa kurasa mojamoja, kwa sababu kurasa nyingi zenye pambo huleta fedha nyingi kuliko kitabu kimoja kilichochakaa, na ukurasa uliotengwa na maneno yake ya kufungia haumtaji tena mnakili, mji wala wakfu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 na sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 zinadai kibali kabla ya vitu vya kale kuvuka mpaka, lakini sheria hailindi kitu ambacho hata mrithi wake hajui kukisoma. Kinachohitajika ni madarasa ya hati katika miji ileile iliyozinakili, yakifundishwa pamoja na tenzi zenyewe kwa sauti, ili siku kitabu cha Siyu kitakapofikishwa mbele ya dalali, apatikane Mswahili wa kufungua ukurasa wa mwisho na kusema ni cha nani, na kama kimewekwa wakfu, kwamba hakiwezi kunadiwa.